Nyuma ya Rafu: Kazi ya Muuza Vitabu na Safari ya Kitabu hadi Migato

Duka kubwa la vitabu lenye matawi huendesha maduka kadhaa kwa jina moja, ghala moja na utaratibu mmoja wa kuagiza, kupanga bei na kutunza hesabu. Anayefanya kazi humo huitwa muuza vitabu, ingawa kuuza huchukua sehemu ndogo ya siku yake. Saa nyingi huishia kwenye kufungua maboksi, kuhakiki ankara, kubandika bei, kupanga rafu, kufuta vumbi, kuandaa marejesho kwa wachapishaji na kujibu maswali ya watu ambao mara nyingi hawajui jina la kitabu wanachokitafuta. Ni kazi ya mikono na ya kichwa kwa pamoja. Pale ambapo kitabu husafiri mbali kabla ya kumfikia msomaji, kama huko Migato mkoani Simiyu, kazi hiyo ndiyo huamua nani atasoma nini.

Maduka yenye matawi yalikotoka

Katika Afrika Mashariki biashara hii ilianzia mikononi mwa wamisionari. Chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, ndicho kilichokuwa nyuma ya Uganda Bookshop mjini Kampala na ESA Bookshop mjini Nairobi, maduka yaliyouza Biblia, vitabu vya nyimbo za ibada, vitabu vya shule na vifaa vya kuandikia. Mwaka 1948 ilipoanzishwa East African Literature Bureau, idara ya kikoloni iliyochapisha vitabu kwa lugha za ukanda huu, aliyepewa kuiongoza alikuwa Charles Richards, mtu aliyetoka kwenye biashara ya vitabu ya CMS. Muuza vitabu alikuwa ameshajua watu wanauliza nini.

Nchini Kenya, kampuni ya Text Book Centre ilianza mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru, katika Mtaa wa Kijabe jijini Nairobi. Ilianza kwa mahitaji ya shule, kisha ikafungua tawi ndani ya Sarit Centre, Westlands, na baadaye matawi mengine katika maduka makubwa ya jiji. Kampuni hiyo pia imefadhili Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Uganda ina Aristoc, duka linalofahamika na kila msomaji wa Kampala.

Tanzania ilipita njia nyingine. Katika miaka ya Ujamaa usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, Tanzania Elimu Supplies. Ndilo lililokaribia zaidi kuwa mtandao mmoja wa maduka ya vitabu nchi nzima. Mfanyakazi wake alikuwa mtunza stoo kuliko muuzaji: mteja wake alikuwa shule au halmashauri yenye hati ya kuchukulia mzigo, na kitabu kilikuwa kimeshachaguliwa Dar es Salaam. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, fedha za kigeni za kununulia karatasi zilikosekana, magari yakakosa vipuri, na shule nyingi zikabaki na kitabu kimoja kwa wanafunzi wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuachia uchapishaji na usambazaji kwa kampuni binafsi.

Mwaka 1991 ilizaliwa kampuni ya Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza Tanzania Publishing House, nyumba ya uchapishaji ya umma iliyoanzishwa mwaka 1966. Duka la TPH katika Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, limebaki kuwa mahali pa kukutania wasomaji wa jiji. A Novel Idea lilifungua maduka Dar es Salaam na Arusha. Taasisi za dini nazo ziliendelea na mitandao yao: Masista wa shirika la Mabinti wa Mtakatifu Paulo wana maduka ya Paulines, na jijini Mwanza Kanisa la AIC lina Inland Publishers, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kituo cha vitabu vya Kanda ya Ziwa.

Siku ya kazi

Siku huanza kabla ya mlango kufunguliwa. Sakafu hufagiwa, rafu hufutwa vumbi, chenji huhesabiwa na mashine ya risiti huwashwa. Nchini Tanzania mashine hiyo ni ya EFD, inayopeleka taarifa ya kila mauzo kwa Mamlaka ya Mapato. Pembeni yake hubandikwa namba ya kulipia kwa simu, maana wateja wengi hawabebi tena noti.

Kazi ya pili ni kupokea mzigo. Kila boksi lina ankara, na kila nakala hulinganishwa nayo moja moja: jina, toleo, idadi, bei. Kitabu kilicholowa, kilichokatwa vibaya kiwandani au kilichorukwa kurasa huwekwa kando siku hiyohiyo, kwa sababu dai lililochelewa hukataliwa. Hapa ndipo mfanyakazi mpya hujifunza kusoma namba ya ISBN. Tangu Januari 2007 namba hiyo ina tarakimu 13. Huanza na 978 au 979, hufuata namba ya nchi au lugha, kisha ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia. Vitabu vingi vya Tanzania hubeba 9976 au 9987 baada ya 978, vingi vya Kenya 9966, na vingi vya Uganda 9970. Muuza vitabu aliyezoea huangalia nyuma ya jalada mara moja tu akajua kitabu kimesajiliwa wapi, na akiona namba mbili tofauti kwenye majalada yanayofanana hutambua kuwa ni matoleo mawili.

Baada ya hapo ni kupanga. Nafasi ya rafu ni ndogo, kwa hiyo vitabu vingi husimama ubavu nje, na vichache tu hupewa heshima ya kuonyesha jalada zima. Uamuzi wa kipi kionyeshwe uso ni uamuzi wa biashara. Kitabu kilichowekwa usawa wa macho karibu na mlango huuzwa haraka kuliko kilekile kilichochuchumaa rafu ya chini nyuma ya nguzo. Mteja naye huvuta kitabu, hufungua kurasa mbili, hukirudisha pasipo pake. Kurudisha vitabu mahali pake ni kazi isiyoisha kuanzia asubuhi hadi jioni, na ikiachwa siku tatu, kitabu kilichomo dukani huandikwa kuwa kimekwisha.

Jioni mauzo hulinganishwa na fedha, rafu zilizotoboka hujazwa kutoka stoo, na oda ya kesho hutumwa makao makuu. Mara moja au mbili kwa mwaka duka hufanya hesabu ya mali yote, nakala kwa nakala. Tofauti kati ya kitabu kilichoandikwa kwenye kompyuta na kilichoko rafuni ndiyo humwonyesha meneja kiasi kilichoibwa, kilichoharibika au kilichopokelewa bila kuhesabiwa.

Mwili hulipa sehemu ya gharama. Karatasi ni nzito, na boksi la kamusi humtoa mtu jasho. Vumbi la karatasi huwasha pua, kusimama kutwa huuma miguu na kiuno. Katika miji ya pwani unyevu hukunja majalada, na bara mchwa wakipita nyuma ya rafu huweza kula mzigo wa muhula mzima kabla ya mtu kutambua.

Mteja na swali lake

Maarifa ya kazi hii hupimwa kaunta. Lugha ya biashara ya vitabu Tanzania ina maneno matatu ambayo kila mfanyakazi huyashika siku ya kwanza: kiada, ziada na rejea. Kiada ni kitabu cha kufundishia somo kwa mujibu wa muhtasari. Ziada ni cha kuongeza maarifa au mazoezi. Rejea ni kamusi, atlasi na vingine vinavyofunguliwa pale panapohitajika. Mzazi huja na orodha ya shule iliyoandikwa kwa mkono, na mara nyingi hayo matatu yamechanganywa.

Mwanafunzi wa sekondari huja kutafuta vitabu vya fasihi. Huweza kuuliza “kile cha Ngoswe” au “kile cha mtoto albino” na muuzaji akajua kuwa wanaozungumziwa ni Edwin Semzaba na Ben Hanson, mwandishi wa Takadini. Mwingine hukumbuka rangi ya jalada tu. Mwingine ametumwa na kaka yake na hajui hata somo. Muuzaji mzuri huuliza maswali mawili au matatu: kidato gani, mwalimu alisema nini, kitabu ni cha hadithi au cha mashairi. Mteja huondoka na kitabu sahihi, na nauli yake haikupotea.

Hatari kubwa kaunta ni toleo. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, ukitangulia katika elimu ya awali na katika darasa la kwanza na la tatu. Katika kipindi cha namna hiyo vitabu vya mtaala wa zamani na vya mtaala mpya hukaa dukani pamoja. Mzazi hawezi kuvitofautisha kwa kuangalia jalada. Akiuziwa cha zamani kwa ajili ya darasa lililokwisha kuhama, fedha imekwenda na mtoto hana kitabu. Muuzaji anayefuata nyaraka za Taasisi ya Elimu Tanzania humkinga mzazi huyo, na asiyefuata humuumiza bila kukusudia.

Habari moja nayo huweza kubadilisha maswali ya mwezi mzima. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, riwaya zake zote zilikuwa kwa Kiingereza. Msomaji aliyetaka kumsoma Gurnah kwa Kiswahili hakuwa na cha kuuziwa hadi mwaka 2022, Mkuki na Nyota ilipotoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Maswali kama hayo ya kaunta yakikusanywa na kupelekwa kwa wachapishaji huwa taarifa ya soko isiyopatikana mahali pengine.

Msimu, saa na mshahara

Mwaka wa duka la vitabu hufuata mwaka wa shule. Nchini Tanzania muhula wa kwanza huanza Januari na wa pili Julai, na wiki zinazozunguka Januari ndizo nzito kuliko zote. Foleni hutoka nje ya mlango, stoo hutoa mzigo mara kadhaa kwa siku, na vibarua huongezwa kwa wiki chache. Kati ya misimu duka hutulia, na hapo ndipo riwaya, vitabu vya dini na vya watoto hupata wateja wao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mpaka wa kazi ya kawaida kuwa siku 6 na saa 45 kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ni vipimo ambavyo kila mfanyakazi wa dukani anapaswa kuvijua kabla Januari haijafika. Wafanyakazi wa viwanda na biashara wanaweza kujiunga na chama cha TUICO, na michango yao ya uzeeni hupelekwa NSSF. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Kiasi hicho hakikulingana na maarifa anayobeba muuza vitabu mzoefu, na mshahara wa namna hiyo ndio sababu wengi huihama kazi hii pale tu wanapokuwa wameielewa.

Mali kauli na hofu ya kuagiza

Kitabu kina tabia ambayo mkate hauna: kinaweza kukaa rafuni mwaka mzima bila kuuzwa wala kuoza. Kwa hiyo maduka mengi huchukua sehemu ya mzigo kwa mali kauli. Mchapishaji huacha nakala dukani, duka huuza, hukata asilimia yake na kulipa kilichouzwa, kisichouzwa hurudishwa. Utaratibu huu humwezesha mwandishi mchanga kuingia dukani. Unadai uaminifu wa hali ya juu, kwa sababu duka linalochelewesha malipo hukausha mtaji wa mchapishaji mdogo, na mchapishaji aliyekauka hachapi tena.

Duka lenye matawi lina nafuu hapa. Kitabu kilicholala tawi moja huhamishiwa lingine, na oda moja kubwa hupata punguzo. Upungufu wake ni kwamba mwagizaji mkuu hukaa mbali na rafu. Uingereza ilijifunza somo hili waziwazi. Biashara ya vitabu yenye matawi ilishika mizizi huko tangu W.H. Smith ilipofungua kibanda chake katika stesheni ya Euston, London, mwaka 1848. Waterstones, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilikuwa imedhoofika sana kufikia mwaka 2011 alipokabidhiwa James Daunt. Daunt aliacha kupokea fedha za wachapishaji waliokuwa wakinunua nafasi za mbele dukani, akawapa wafanyakazi wa kila tawi mamlaka ya kuchagua vitabu vya wateja wao. Kampuni ikarudi kupata faida, na mwaka 2019 akapewa pia kuiongoza Barnes & Noble ya Marekani. Kinyume chake Borders, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1971 na kusifika hapo mwanzo kwa kuwapa waombaji kazi mtihani wa vitabu, ilifilisika mwaka 2011.

Sera zinazogusa kaunta

Maamuzi ya serikali hufika dukani haraka. Mwaka 2013 Kenya ilianza kutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kisha mwaka 2018 serikali yake ikaanza kupeleka vitabu vya kiada shuleni moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji, na maduka mengi ya miji midogo yakapoteza nguzo ya biashara yao. Tanzania nayo mwaka 2013 ilivunja kamati ya kuidhinisha vitabu vya kampuni binafsi na kuirudishia Taasisi ya Elimu jukumu la vitabu vya kiada. Vitabu hivyo sasa hupelekwa shule za umma kupitia halmashauri, na Januari 2016 ada katika shule hizo ilifutwa hadi kidato cha nne.

Watoto wengi wamenufaika. Kwa duka, maana yake ni kwamba kiada si tegemeo tena. Kinachobaki ni ziada, rejea, hadithi, vitabu vya shule binafsi na madaftari. Vingi kati ya hivyo mzazi halazimiki kuvinunua, na kwa hiyo vinahitaji mtu wa kumweleza faida yake.

Kutoka Bariadi hadi Migato

Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima, iliyokuwa sehemu ya Bariadi kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012. Huko kazi ya duka la vitabu hufanywa na stesheneri za mjini: Lagangabilili yaliko makao ya wilaya, na zaidi Bariadi, makao ya mkoa. Stesheneri hutoa fotokopi, hupiga picha za pasipoti, huuza kalamu, kaunta buku na chaki, nyingine ikiwa ya kiwanda cha vijana wa Maswa, humohumo mkoani. Vitabu hukaa nyuma ya kioo au nyuma ya kaunta, na mnunuzi hutaja anachotaka.

Kaunta hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya stesheneri na duka kubwa la mjini. Katika duka la rafu wazi mtoto hushika kitabu ambacho hakukijua, akasoma ukurasa, akakiomba. Kwenye kaunta hupatikana tu kile ambacho mteja alikuja akikijua tayari. Kwa hiyo mtu wa stesheneri analazimika kuwa rafu ya macho ya mteja: akitoa kamusi juu ya kaunta, akifungua kitabu cha hadithi mbele ya mtoto, mauzo hutokea na msomaji huzaliwa. Wafanyakazi wa namna hiyo wapo, lakini wengi wamefundishwa fotokopi na hesabu, hawakufundishwa vitabu. Mafunzo ya siku chache kuhusu matoleo, ISBN, mitaala na vitabu vya watoto yangewafaa kuliko tangazo lolote.

Jambo la pili ni kalenda. Simiyu inaongoza kwa kilimo cha pamba nchini, na fedha ya pamba hufika vijijini msimu wa ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei. Shule hufunguliwa Januari, wakati fedha hiyo imeshaliwa na mkulima ana palizi shambani. Duka linaloleta mzigo wake Januari pekee hukutana na mzazi mwenye nia njema na mfuko mtupu. Likileta mzigo Juni na Julai, likatoa kitabu kwenye mnada siku ambayo wazazi wanauza pamba na mifugo, hukutana na mzazi yuleyule akiwa na uwezo.

Kamusi na atlasi hazibadiliki kila muhula, wala hadithi nzuri haichachi. Wenye stesheneri wa Bariadi na Lagangabilili waagize mapema, wachapishaji wawaamini kwa mali kauli, na wazazi wa Migato wanunue kitabu cha Januari mwezi Julai, pamba ikishalipwa.